Linux, Sabato na Mechi ya Sironga

Wacha niitoe ile ya aibu kwanza, isije ikanikalia shingoni: niliwekea kompyuta mikono nikaiombea. Si kimoyomoyo. Kwa sauti, macho nimefunga, mbele ya vijana wa Mosocho na wageni wao wa kutoka Sironga, na wengine wakasema amina. Mimi, mtu ambaye nyumbani hata chakula huombewa na mama.

Niko na chumba cha gemu pale sokoni Mosocho. Kompyuta nne, benchi mbili, na pazia ya kuzuia jua. Hizo kompyuta zilikuwa za ofisi fulani huko Nairobi kabla zizeeke, na Windows mpya ilizikataa waziwazi, ati ni kuukuu. Ile ya zamani nayo ilikuwa imejaa virusi za flashi za watu, mpaka kuwasha mashine ilikuwa kama kuamsha mlevi. Unaita, unaita, inafungua jicho moja, inalala tena.

Nikamlilia rafiki yangu wa Kisii mjini. Kwao ni familia ya Kiislamu, wanauza vifaa vya simu, na kompyuta amezijulia kwa kuzifungua tu.

"Wewe bado unahangaika na Windows?" akaniuliza. "Weka Linux. Ni mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, ni ya bure, haitaki mashine ya maringo, na hizo virusi zako zitakosa pa kushika."

"Na gemu?"

"Siku hizi inacheza gemu za Windows. Kuna programu inakaa katikati, inatafsiri. Gemu inaongea lugha yake, mashine inasikia yake."

Shule niliiachia Form Two, mimi na hesabu tulikosana, lakini mkalimani namwelewa. Kanisani kwetu mhubiri akija wa kutoka mbali tunamwekea mmoja, na kuna siku mkalimani anahubiri vizuri kushinda mwenyewe. Nikamwambia aweke.

Na nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Gemu ya magari yenye ilikuwa inakwama kila kona ikaanza kuteleza. Ya kupigana, sawa. Gemu ya mpira ya zamani ilikimbia mpaka nikashuku. Hapo ndipo mdomo wangu ulianza kazi. Kila mtu akiingia namwambia, "Hapa ni Linux. Leta gemu yoyote." Kuna jirani ng'ambo ya barabara ako na chumba cha gemu kama changu, yeye ni wa Windows, na nilikuwa namsalimia kwa kumhurumia.

Kisha vijana wa Sironga wakatuma neno. Wanataka mechi na vijana wa Mosocho Jumamosi jioni, lakini kwa gemu mpya ya mpira, ile wachezaji wote wako kwa timu zao za sasa. Nahodha wa vijana wetu akaja kuniuliza, "Tuchezee kwako ama ng'ambo?"

Hilo swali lilikuwa limebeba chumba changu chote. Vijana wa gemu hutembea pamoja kama kondoo. Nahodha akishakalia benchi ya jirani, wote wamehama, na mimi nimebaki kumsaidia mama kuuza ndizi.

"Kwangu," nikasema. "Kwani kuna kwingine?"

Ijumaa nikainunua ile gemu na kuanza kuishusha. Intaneti yetu ilishuka nayo kama mzee na gunia kwa kilima cha Manga siku ya mvua. Ilipomaliza jua lilikuwa linazama. Nikashika mausi nijaribu kuifungua, na mama, ambaye ndizi zake huuzia hapo nje, akasimama mlangoni. Sisi ni Waadventista. Jua likizama Ijumaa, gemu imezama nalo.

"Tata," akaniita, vile mama wa Kikisii humwita mwanawe, "zima hiyo kitu. Sabato inaingia."

"Mama, dakika moja. Nione tu kama inafungua."

"Itafungua kesho jioni."

"Na isipofungua?"

"Basi utakuwa umepumzika kwanza."

Mtu mzima na ndevu zangu, nikazima. Jumamosi yote nikakaa kanisani nikijiambia zile zingine zote zimefungua, hii itakosaje. Kwa lesoni, yale masomo ya Biblia kabla ya mahubiri, nikaulizwa swali nikajibu "ndio". Swali lilikuwa linaanza na "nani".

Jua lilipozama wakajaa. Wale wa Sironga walikuja na jezi wamepiga pasi. Nahodha wetu akamwanza nahodha wao, "Mgeni, chagua timu kubwa, usije ukasema tulikuonea."

"Chagua wewe," yule akamjibu polepole. "Mimi nitachukua yenye umeogopa."

Nikafungua gemu. Muziki ukaanza, nembo ikatokea, watu wakapiga makofi, na mimi nikageuka kuwaangalia kama bwana harusi. Kurudi kwa skrini, imekuwa nyeusi, na maandishi mafupi ya Kizungu cha adabu: mlinzi wa gemu hawezi kufanya kazi na mfumo huu. Ikajifunga.

Nikafungua tena. Muziki, nembo, mlinzi. Nikazima mashine, nikawasha. Muziki, nembo, mlinzi. Nikampigia rafiki yangu.

"Hiyo gemu iko na askari ndani," akasema, "wa kushika watu wa kudanganya mtandaoni. Anataka kuona Windows. Akiona Linux anafunga geti."

"Si kuna mkalimani?"

"Mkalimani yuko sawa. Askari ndiye hataki kuongea."

"Basi mwambie aongee."

"Nimwambie kama nani? Hiyo ni wenye gemu waamue. Wengine wamekubali, hawa wamekataa. Mashine yako haina kosa."

Hapo ndipo nilichoka. Mashine haina kosa. Linux haina kosa. Gemu haina kosa, inajilinda tu. Na nyumba imejaa watu. Ningepewa hata mmoja wa kulaumu ningelala vizuri. Lakini hawa watu wa Linux, ukiwauliza kwa nini hii imekataa, wanakuonyesha zile zimekubali.

Nahodha wetu akasema kwa mzaha, "Si Sabato imeisha, iombee." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nikaweka mikono juu ya mashine, nikasema, "Bwana, wewe ulipasua bahari watu wakapita, hii ni geti tu." Amina. Nikafungua. Muziki, nembo, mlinzi.

Yule nahodha wa Sironga akasimama kwa heshima. "Pole, bro. Tumetoka mbali. Wacha tuende hapo ng'ambo."

Wakavuka. Baada ya muda kidogo jirani akaja mlangoni kwangu. Viti vyake havikutosha, ati kama naweza kumsaidia na benchi. Ningesema nini? Nilishika upande mmoja, nahodha wetu akashika mwingine, tukazivusha zote mbili. Windows ya jirani ilikwama mara moja katikati ya mechi. Nikafurahi. Ikaendelea. Sironga wakashinda.

Wiki iliyofuata wale wa magari na wa kupigana walirudi kwangu, kwa sababu kwa jirani gemu zao zilikuwa zinatambaa. Wa mpira hawakurudi, na wa mpira ndio wengi. Benchi moja ikarudi, nyingine niliachia jirani. Ya nini?

Rafiki yangu akaja kuniona. Nikampa chai na maneno yote yenye nilikuwa nimemwekea.

"Niambie ukweli," nikamaliza. "Hii Linux kwa gemu itawahi kushinda?"

"Itashinda. Imebaki hizo geti chache."

"Wewe mwenyewe kwako, hiyo gemu mpya unaicheza na nini?"

Akapuliza chai yake, akanywa kidogo.

"Ya mpira?" akasema. "Ya mpira niko na Windows."