Bunduki na Mafuta ya Nazi

Kwaru, kwaru, usiku kucha! Mume wangu anapiga msasa bunduki kuukuu ya askari wa Kiingereza, kaipata kwa mzee mmoja wa Tongoni ilikofichwa darini tangu vita vya Mjerumani, na kibali hana. Mimi nina mtoto wa miezi minne, baba yake akifungwa nitakwenda wapi? Asubuhi nikamfunga mtoto mgongoni, mbio hadi kaunta ya polisi.

“Shikamoo, baba. Kuna mtu ana bunduki ya zamani, hata hailii.”

“Marahaba. Mtu gani?”

“Mtu tu.”

Sajini akaweka kalamu chini. “Na huyo mtu tu, kitako cha mti anakipaka nini?”

“Mafuta ya nazi.”

Akafumba macho kama aliyeshikwa na jino. “Ya nazi! Anafuga sisimizi? Apake mafuta ya kitani! Ailete leo iandikwe, hafungwi mtu.”

Kisha akatazama mlangoni, akaniinamia. Akaninong'oneza kuwa naye anazo bunduki kuukuu tatu, zote zina kibali, ila mkewe kaambiwa ni za serikali.

Kumbe waume zetu tunawaogopea jela, wao wanatuogopa sisi! Nikamwapia kwamba simwambii mtu mwingine.