Glass au graphite kwa crankbait: nilibadilisha fimbo ya baba mkwe, nikabaki bila mke

Wakuu, salaam kwenu, wa nchi kavu na wa majini.

Wiki iliyopita nilisoma humu uzi wa kijana aliyeuliza anunue fimbo gani ya kuvulia kwa crankbait, ya glass au ya graphite. Karibu wote mkamwambia graphite. Mmoja akaandika kabisa kwamba glass ni ya wazee na watu waliofulia.

Nilikasirika. Nikafunga simu, nikala, nikafungua tena, bado nimekasirika.

Kwa hiyo leo naandika yaliyonikuta mimi mwenyewe. Siongezi chumvi, iliyokuwemo ilinitosha. Mwenye hamu ya kunirekebisha amalize kusoma kwanza.

Kwa wasiojua, crankbait ni samaki wa bandia mwenye kidomo bapa. Ukimvuta anazama na kujitingisha kama mlevi. Tumboni ana ndoano ndogo za meno matatu. Zamani kwetu tulimwita samaki wa bandia tu, glass tuliiita fibre, na graphite tuliiita kaboni, maana Kifaransa ndicho kilichokuwa kinatamba madukani.

Basi.

Ni Kigali, miaka ya themanini katikati. Mimi fundi cherehani pale Rwezamenyo, kibanda changu kimetazama njia ya msikitini. Nimeoa mwaka wa pili. Na mke wangu Zainabu tulikuwa tunashirikiana kazi: mimi nakata na kushona, yeye anatia vifungo na kushona matundu yake kwa mkono. Vitundu vyake vilikuwa safi kuliko vyangu, na wateja walijua.

Baba yake, Mzee Idi, aliishi Rwamagana, mtaa wa Waswahili, karibu na ziwa Muhazi. Ujana wake alimwendesha mhandisi mmoja mzungu wa barabara. Mhandisi alipoondoka alimwachia fimbo ya glass ya rangi ya asali na kisanduku cha samaki wa bandia. Mzee akavua nayo miaka na miaka.

Nilipomuoa binti yake, akanikabidhi fimbo ile kwa mikono miwili. Akasema, "Mukwe wangu, ng'ombe yako ndiyo hii."

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wageni. Kwetu Rwanda ukipewa ng'ombe hujapewa nyama. Umepewa udugu. Aliyekupa ana haki ya kuuliza anaendeleaje, amezaa, anaumwa, na humtoi kwa mtu mwingine bila kumwambia. Mzee Idi hakuwa na ng'ombe, alikuwa na fimbo. Kila nikienda kumsalimia, hata chai haijamiminwa, anauliza, "Ng'ombe yetu iko namna gani?" Nami najibu, "Iko salama, Baba, Jumapili ilituletea kambale wawili."

Na kweli ilileta. Jumamosi ni umuganda, kazi za pamoja za mtaa, Jumapili mimi niko ziwani, jioni Zainabu anakaanga. Majirani waliosema samaki si chakula cha watu walikuwa wanakuja kuomba chumvi ili wanuse.

Sasa anaingia Saidi. Ni binamu yangu, mtoto wa baba mdogo, alikuwa na duka la mashati mlango wa tatu kutoka kwangu na alifuata mali Bujumbura. Siku moja akarudi na fimbo nyeusi, nyembamba, nyepesi. Kaboni. Aliipata kwa Mgiriki aliyekuwa anarudi kwao.

Akaingia kibandani akaniambia, "Shika huku kwenye kitako." Ncha akaiweka kooni mwake, akaanza kuongea. Wakuu, nilisikia sauti yake kiganjani mwangu, neno kwa neno. Halafu akachukua fimbo yangu ya asali, akafanya vilevile. Kimya. Kama kuongea na ukuta.

"Umeona?" akasema. "Kaboni inasikia mpaka samaki akikohoa. Hii yako iko kiziwi, ndugu."

Nilidanganyika hapohapo. Nikampa fimbo ya mkwe, na juu yake nikaahidi kumshonea suti. Yaani ubaya nimeufanya mimi, na nyongeza nimetoa mimi.

Zainabu alikuwa kwenye kiti chake na sindano mkononi, anatia vifungo shati la mteja. Akauliza neno moja tu, "Umeuliza Baba?"

Mbele ya wateja watatu, mmoja akiwa nusu amevaa suruali ya kupimia, nilimfokea. Nilimwambia fundi hapa ni mimi, yeye ashone vifungo. Niliyasema kwa sauti ya kufika msikitini. Akainamisha kichwa, akaendelea kushona.

Kesho yake nikarudi kutoka swala ya alfajiri, hayupo, nguo zake hazipo. Juu ya cherehani amelikunja lile shati, vifungo vyote vimetiwa.

Mtadhani nilimfuata siku hiyohiyo. Sikumfuata. Nilikuwa na kaboni mpya.

Jumapili tatu nilikwenda Muhazi na ile takataka nyeusi. Kusikia, inasikia, sikatai. Samaki wa bandia akigusa unyasi nasikia. Akigusa jiwe nasikia. Kambale akimgusa nasikia "tk", navuta, naletewa samaki wa bandia peke yake ananicheka. Mara nyingine na kipande cha mdomo wa kambale kwenye ndoano.

Nikadhani ndoano ni butu, nikazinoa kwa tupa ya mkasi. Nikabadilisha mshipi. Nikabadilisha mtumbwi. Nikalitukana ziwa. Jumapili ya tatu nikarudi mikono mitupu kwenye nyumba isiyofagiliwa, nikala mihogo baridi, na hasira zote nilizokuwa nazo kwa Zainabu zikakosa pa kukaa. Nilimtaka mke wangu arudi. Ndiyo hivyo tu.

Nikaenda Rwamagana. Kwa mila, mume anayefuata mke aliyerudi kwao anakwenda na mtungi wa pombe, anakaa chini, anasikilizwa na kusemwa. Sisi Waislamu pombe hatubebi, nikabeba sukari na majani ya chai. Mzee Idi akanipokea vizuri. Hakumtaja Zainabu hata mara moja. Akauliza, "Ng'ombe yetu iko namna gani?"

Nikajibu, "Iko salama, Baba."

Hapo wakuu nilidanganya mchana kweupe, sukari yangu ikiwa mkekani.

"Basi kuja nayo Jumapili tuvue," akasema. "Zainabu atapika, tutaongea na mambo yenu."

Nikarudi Kigali mbio kwa Saidi. Nirudishie fimbo, chukua kaboni yako. Saidi akakuna kichwa. "Niliiuzisha, ndugu. Mutu wa Gisenyi." Nikamuuliza jina la huyo mtu, hakumbuki. Nilimwangalia, amevaa suti yangu.

Jumapili ikafika. Nikaitia kaboni kwenye mfuko wa turubai niliokuwa nimeushonea ile ya asali, nikijiambia labda Mungu atapitisha jambo lingine.

Hakupitisha. Katikati ya maji Mzee akafungua mfuko yeye mwenyewe. Akaitoa, akaitazama toka kitako hadi ncha. Hakuuliza kitu. Mkwe akikutukana ni afadhali kuliko mkwe asiyeuliza. Akafunga samaki wa bandia kwenye mshipi, akanipa.

Nikarusha. Nikavuta polepole kandokando ya mafunjo. "Tk." Nikamwona kabisa, kambale mwenye kichwa kipana kama sahani ya pilau, amegeuka juu ya maji. Mkono wangu ukaruka kabla sijaamua. Samaki wa bandia akachomoka majini, akapita karibu na kofia ya Mzee, akaanguka ndani ya mtumbwi. Kwenye ndoano kuna kipande cha mdomo.

Mzee akakichomoa kile kipande, akakiweka kiganjani mwangu.

"Unajua sababu gani nilikupa ile ya fibre?"

"Hapana, Baba."

"Mkono ya fundi iko mbio. Uzi ikikamata kidogo kwa cherehani, mkono yako inavuta mbele ya kichwa. Nilikuona siku ulinishonea kanzu. Nikasema, huyu tumupe fimbo ya kiziwi. Samaki akamate kwanza, ageuke, ajifunge, ndipo habari ifike kwa mkono."

Mnaelewa, enyi wa graphite? Kambale anapomkimbilia samaki wa bandia hamkamati vizuri mara ya kwanza. Glass inalegea, inamfuata, inampa nafasi ya kufunga mdomo na kugeuka, na zile ndoano ndogo zinaingia zenyewe. Kaboni haimfuati mtu. Inakupasha habari upesi, wewe unavuta upesi, mdomo unachanika.

Mzee alijua haya yote. Aliichagua fimbo kwa kuutazama mkono wangu, na mimi nikaitoa kwa sababu ya mtu kuongea kooni. Nilikuwa na hasira za kuvunja kasia, lakini mbele ya baba mkwe hasira huitoi. Unaimeza, unapiga kasia.

Ufukoni Zainabu alikuwa ameshawasha moto na kubandika sufuria. Akaona hatuna samaki. Akaona fimbo nyeusi. Akaipua sufuria, akamwaga maji, akashika njia ya nyumbani.

Mzee akaniambia, "Ng'ombe ikirudi nyumbani, na yeye atarudi." Akaenda kuswali.

Kigali nikaenda moja kwa moja dukani kwa Saidi, nia yangu anipe jina la mtu wa Gisenyi hata ikibidi kukesha hapo. Sikumkuta, amekwenda msikitini. Nikapita nyuma ya pazia nimsubiri nimekaa.

Fimbo ya mkwe wangu ilikuwa pale nyuma ya pazia. Imefungwa kamba mbili darini, imelazwa, imetundikwa mashati. Ishirini hivi, yamebanana, na fimbo imepinda kama mtu aliyebebeshwa gunia. Hakuuza chochote. Alijua nikiipata nitadai na suti yangu.

Mashati yote nilimwaga chini, nikakanyaga nilipopita. Kaboni yake nikaisimamisha kwenye kona. Sikuivunja, na mpaka leo najilaumu.

Pete mbili za kupitishia mshipi zilikuwa zimeng'oka. Nikazirudisha kwa uzi wa hariri, mzunguko kwa mzunguko, nikapaka vanishi. Hiyo kazi naiweza, mkono wangu kwenye uzi hauna tatizo.

Jumapili nikaenda tena Rwamagana. Mzee yuko uani kwenye mkeka na tasbihi, mashemeji zangu wawili wanamenya ndizi. Nikaiweka fimbo mbele yake. Akapitisha kidole kwenye zile pete, akaitikisa kidogo.

"Imekonda," akasema, "lakini ni yenyewe." Akamwita Zainabu, kisha akatugeuzia mgongo na tasbihi yake.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Nikaanza kuyasema kwa sauti ya chini, ya mtu na mke wake. Zainabu akaniwekea mkono, ngoja. Akainua fimbo, kitako akakishika kiganjani mwake, ncha akaiweka kooni mwangu.

"Sema sasa."

"Nisamehe," nikasema.

"Sisikii kitu."

"Zainabu, nisamehe."

"Hii fimbo iko kiziwi. Si mulisema? Siku ile mbele ya wateja nilikusikia muzuri."

Mashemeji wameacha ndizi. Tasbihi ya Mzee imesimama. Mara ya tatu nilipaza sauti, nikataja na kosa lenyewe, kwamba nilimfokea mbele za watu na nilikuwa sina haki. Jirani ng'ambo ya ua akaitika, "Zainabu, musamehe basi, mutoto wangu amelala."

Akashusha fimbo.

Jumapili hiyo kabla ya kurudi Kigali tulivua. Mkononi sikusikia kitu chochote, niliona tu fimbo inainama mpaka kwenye mshiko, na Mzee akasema taratibu, "Sasa." Tulimla sote, na jirani tukampelekea mkia.

Wakuu, somo ni hili. Graphite ni nzuri kwa ndoano moja, chambo cha kuburuta chini, mtu mwenye mkono mtulivu. Kwa crankbait chukua glass, na kama una mkono wa haraka kama wangu usibishane kabisa. Na mtu akikushawishi kwa kuongea kooni, mwambie kambale hana la kukuambia.

Saidi tunasalimiana misibani tu. Suti hajarudisha.

Na msiniletee hekima za ndoa, mimi nimeongelea fimbo. Zainabu yuko hapa pembeni anasoma, anasema nimepunguza, haikuwa mara tatu, ilikuwa mara saba.

Haya, uwanja ni wenu. Yule aliyeandika kwamba glass ni ya waliofulia aanze yeye, na aseme kwa sauti.