Kidude Kilichoonyesha Kwetu

Harufu ya udongo wa kijiji chetu cha Gwarama uliotoka kuchimbwa viazi vitamu ingeweza kumwamsha aliyezikwa jana. Msimu ule wa miaka ya tisini kiazi kimoja kilishibisha ukoo mzima, na mbwa akasusa makombo. Sisi watoto tulifuata majembe ya mama zetu tukitafuta kidude cha kahawia, kinene kama kidole gumba, chenye mkonga uliojikunja mbele kama mkono wa kikombe. Kumbe ni yule kiwavi mwenye pembe, mla matembele, amejilalia udongoni akingoja kuwa nondo mkubwa. Sisi tulikijua kwa kazi moja tu: ukikishika kichwani na kukiuliza njia, kinazungusha mkia na kuonyesha. Kibondo wapi? Kasulu wapi? Kinajibu bila kusitasita.

Siku hiyo tulikuwa shambani kwa Mama Yusta, mjane jirani yetu, ambaye jembe lake la pekee lilikuwa limeibwa. Alichimba kwa kijiti, nusu ya viazi vikibaki ardhini. Mimi, bingwa wa vidude wilaya nzima, nikajitolea. "Haya mzee, jembe la Mama Yusta liko wapi?" Kikajinyonga, kikatulia kimeelekea nyumbani kwetu. "Kwenu hukohuko, binti mwizi," akasema Yusta, bintiye. Nilicheka kuliko wote, maana baba yangu ndiye aliyekuwa akikusanya sadaka kanisani.

Baba alikuwa ukingoni mwa shamba akifunga mbuzi. Akatutazama, akaingia nyumbani kwetu hapo jirani, akatoka na jembe. Lilikuwa na mpini mpya. "Niliazima tu, shemeji," akamwambia Mama Yusta. Naye akalipokea kwa mikono miwili. "Umeniwekea mpini mzuri, shemeji." Basi. Afadhali angepiga yowe kijiji kizima kisikie. Nilitamani kujifukia kwenye shimo la kiazi, na tangu hapo nikawa nazunguka kilima kizima kwenda shule nisipite mlangoni kwake.

Nilipohitimu masomo ya jioni, mtu mzima mwenye watoto, nilimweleza baba kwamba kidude kile hujinyonga kwa kuwa kimebanwa. Hakijui jembe wala mwizi. Nilidhani namtua mzigo.

"Najua, mwanangu," akasema. "Hata kingeonyesha Kasulu ningelitoa lile jembe. Yule mama alikuwa anachimba kwa kijiti."

Na mimi nilikuwa nyuma ya kijiti hicho msimu mzima, nikiokota vidude.