Chumba cha Upande Mkavu

Nilipokuwa na mimba yangu ya kwanza tulipanga chumba Kisumu Ndogo, Malindi, katika nyumba ya vyumba sita vinavyotazamana, ukumbi katikati. Mume wangu alikuwa akilima kwao Jilore na kuja mwisho wa wiki. Chumba chetu kilikuwa cha mwisho, karibu na choo, na mabati yake yameliwa na kutu hata ukilala chali mchana unaiona mbingu.

Kila mwezi, juu ya kodi, mwenye nyumba alitutoza pesa za ukarabati. Ukarabati wenyewe hatukuuona. Ukimkumbusha alijibu kwa upole kabisa, "Fundi yuaja, mama." Fundi huyo nilimngoja miezi saba.

Masika yalinikuta na mimba ya miezi minane. Alasiri moja mvua ilishuka kwa kishindo. Nikatega ndoo, beseni, sufuria, mwisho hata vikombe, na bado godoro likalowa. Nikaketi kwenye kigoda nikalia, nikiwaza mtoto nitamlaza wapi.

Jirani wa chumba cha mbele alikuwa mjane wa makamo, muuza mahamri. Yeye Mwislamu wa mjini, mimi Mgiriama wa kanisani. Tulikuwa tukisalimiana tu, tena nilimwogopa kwa ukali wake juu ya usafi wa ukumbi. Siku hiyo alipiga hodi, akaingia.

"Mwanangu, walia nini?"

Nikanyoosha kidole juu. Akayatazama mabati, akalitazama tumbo langu.

"Chukua nguo zako, nenda chumbani kwangu."

"Na wewe, mama?"

"Mimi nitakaa huku. Mimi sizai tena."

Nilidhani ni kwa siku ile moja. Kumbe alikusudia kuhama kabisa. Asubuhi yake wapangaji wenzetu walitubadilishia vitanda. Chake wakakibana kwenye pembe pekee isiyovuja. Unga wake tu ndio uliobaki kwangu, usije ukalowa, na kila alfajiri aliingia kwa kunyata kuja kukanda, akinong'ona, "Lala, lala, sikuamshi."

Mwisho wa mwezi mwenye nyumba alikuja, akaona tulivyobadilishana.

"Anayeingia chumba kipya hulipa ada ya kuingia," alisema. "Nyinyi wawili mmeingia vyumba vipya. Mpaka Ijumaa, au vitu vyenu vitakaa nje."

Nilifikiri anafanya mzaha. Mama yule hakufikiri hivyo. Alijipangusa unga mikononi, akamwambia, "Mimi niliingia nyumba hii mara moja, miaka kumi na moja sasa. Na bado sijatoka."

Jioni hiyo wapangaji wote tulikusanyika ukumbini. Mpangaji wa chumba cha tatu, kijana mwashi ambaye kwa kawaida hasemi sana, ndiye aliyetoa shauri: ada hiyo asilipe mtu, na Alhamisi twende sote kwa naibu wa chifu. Tulikwenda kwa miguu, nami wakipokezana kunishika mkono.

Mwenye nyumba aliitwa, akaja. Akaapa kwamba hakuna aliyewahi kumwambia kuwa nyumba inavuja.

Yule mwashi akasimama. "Mimi ni fundi, na naishi nyumbani mwako. Nilikwambia ulete mabati tu, kazi nitaifanya bure. Ukaniambia fundi yuaja."

Watu walicheka, hata naibu akainamisha uso. Kisha akaamua: ada ifutwe, mabati yaletwe kabla ya kodi nyingine, na pesa za ukarabati zisitozwe mpaka kazi ionekane. Tulizokwisha kulipa alisema hana uwezo wa kuturudishia; tuzidai mahakamani. Hatukwenda. Tulikuwa tumechoka, na siku zangu zilikuwa zimetimia.

Mabati yalikuja, ya mkono wa pili lakini mazima. Mwashi aliyapigilia siku moja, wenzake wakimpa misumari. Mimi nilikuwa kitandani na binti wa siku nne.

Nilipopata nguvu nilimwendea mama. "Chumba changu cha zamani sasa hakivuji, turudishiane."

"Mtoto amekwisha kukizoea kile. Niacheni."

Miaka ilipita ndipo nikaelewa alichotoa. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa na dirisha la barabarani, alikouzia wateja bila kutoka nje. Tangu siku ile ya mvua alibeba meza yake mpaka njiani kila asubuhi, na hakuwahi kulitaja neno hilo.

Sasa tuna nyumba yetu ndogo Junju. Nikimkumbuka yule mwenye nyumba sioni hasira nyingi. Aliyebaki moyoni ni yule mama. Mwaka jana nilikwenda kumwamkia, na leso mpya mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umenenepa, alhamdulillahi."

Nikampa leso, nikamwambia ni ya shukrani kwa yote aliyonitendea.

"Yote yapi?" akauliza, na hakuwa akijifanya.

Basi nikaketi nikamhadithia, tangu ile mvua, naye akasikiliza kwa makini, akitikisa kichwa, kama anayepewa habari za mtu mwingine.