Kidole Kimoja cha Esansi

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ikinifikia puani, kitu cha kwanza ninachofanya ni kutazama nani yuko karibu. Hapa Kindu vijana huiuza kando ya njia katika chupa, na mimi, bibi mwenye wajukuu, huinua chupa na kuichungulia kwenye mwanga kabla ya kununua. Wananicheka. Hawajui kwamba nilifundishwa kushuku nikiwa na miaka tisa, na kwamba nilikuwa mwanafunzi hodari.

Ilikuwa enzi ya Zaire na chama kimoja, beji kifuani mwa Baba hata siku ya mapumziko, na watu wazima wakishusha sauti hata walipozungumzia chumvi. Baba alikuwa na mtumbwi mrefu wa mota, uliobeba mchele na abiria kushuka Lualaba mpaka Lowa. Aliyeitunza mota ile alikuwa mdogo wake Mama, Mjomba Amisi, aliyetoka Pangi akaishi nasi. Alikuwa mpole, na kucha zake zilikuwa nyeusi kwa oili hata siku ya Idi.

Mtumbwi ukirudi, Mjomba aliing'oa mota, akaileta nyumbani begani na kuifunga kwenye gogo lililolazwa juu ya nguzo mbili. Alijaza maji katika nusu pipa, ndoo kwa ndoo, akaizamisha ncha yake na kuiwasha ili itapike mchanga wa mto. Mwisho aliufunga mpira wa esansi, ndivyo tulivyoita petroli, akaiacha ingurume mpaka ife yenyewe kwa njaa.

"Usiilalishe na esansi ndani ya tumbo," aliniambia. "Itaamuka na kasirani."

Esansi ilikuwa adimu. Pipa likipatikana lilisimama chini ya kibanda cha bati nyuma ya nyumba, mbali na jiko, mdomo wake umefungwa kwa kufuli. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa Baba na mmoja wa Mjomba. Baba alipima kwa ufito wa mwanzi. Aliuzamisha mpaka chini, akauchomoa haraka, na pale ulipolowa akakata alama kwa kisu.

Pipa ninalolisimulia lilifika alasiri moja ya jua kali, na Baba akakata alama yake. Asubuhi, kabla ya kwenda dukani kwake, akapima tena. Esansi ilikuwa imeshuka upana wa kidole kimoja.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia Mama kwa sauti ndogo. Mama akaendelea kupepeta mchele, maana nguo yenyewe ilikuwa ya upande wake.

Kisha akaniita. "Kaa hapa, menya karanga. Angalia mikono ya mujomba wako."

Nikakaa. Nisiwafiche, nilifurahi. Kushuku ni kutamu kwa mtoto, kunampa ukubwa kabla ya siku zake. Mjomba alipiga mluzi, nikajiuliza mluzi wa nini. Alifuta mikono mara mbili, nikaona ana la kuficha. Alimsalimu mvuvi mmoja aliyepita nje ya ua, nikasogeza sikio. Mwishowe alileta ndoo tatu za maji kutoka kisimani, akapita kando ya kibanda na kuzimimina katika nusu pipa ili aoshe mota. Maji yalinirukia miguuni, akaniomba radhi.

Alasiri Baba alirudi mapema, akazamisha ufito. Esansi ilikuwa imerudi kwenye alama.

Sikuwahi kumwona Baba akiogopa hivyo. Esansi haizai. Aliita kila mtu, akaniwekea mkono kichwani, akauliza, "Mujomba wako alipita hapa na nini?"

"Na maji," nikasema. "Ndoo tatu."

Ilikuwa kweli tupu, na niliishia hapo. Mkono wa Baba ulikuwa kichwani mwangu na sikutaka uondoke.

"Mutoto hasemi bongo," Baba alisema, yaani uongo. "Unaiba esansi, unarudisha maji."

Mjomba alinitazama, akangoja niendelee. Nikainamia karanga zangu. Basi akachukua chupa nyeupe, akavuta esansi kwa mpira kutoka chini kabisa ya pipa, akaisimamisha kando ya ukuta wa ua.

"Shemeki, maji na esansi hazilalake kitanda moja," alisema. "Kama maji iko, itashuka chini. Tungojee."

Tulingoja mpaka kivuli cha nyumba kikaufikia ukuta. Chupani hapakuwa na mstari wowote, ilikuwa esansi safi. Baba akaiinua, akaigeuza huku na huku, akairudisha.

"Mupira ulishika wewe mwenyewe," alisema. "Lete ufunguo."

Mjomba aliutoa. Kisha, na hili ndilo linaloniuma, alirudi kwenye mota akamaliza kuiosha, akangoja ife yenyewe, akaifunika kwa kitenge kikuukuu cha Mama. Ndipo alipochukua mfuko wake akashika njia ya Pangi.

Kesho yake asubuhi Baba alipima, funguo zote mbili mfukoni mwake. Kidole kimoja kilikuwa kimepungua. Alitazama jikoni alikokuwa Mama, kisha akanitazama mimi, na macho yale yalinitia hatia ya mwizi ingawa sikuiba tone. Akauvunja ufito gotini, akaenda dukani.

Miaka ikapita, nikaingia sekondari. Siku moja mwalimu wetu alijaza spiriti katika chupa yenye mrija mwembamba, akaiweka ndani ya maji ya moto, na sote tukaona spiriti ikipanda mrijani. Nikakumbuka bati, jua la alasiri na ubaridi wa asubuhi. Esansi yetu ilikuwa ikivimba mchana na kusinyaa alfajiri, basi.

Nilikimbia nyumbani kumweleza Baba. Alikuwa akishona kiatu, wala hakuinua uso.

"Tangu asubuhi ile nilijua Amisi hakuiba," alisema. "Lakini ningemuambia nini? Sasa unaniambia ni jua njo ilinidanganya. Muzuri."

Mama alikwenda Pangi peke yake kila mwaka, mpaka alipokwenda kumzika ndugu yake. Kila safari nilimpa salamu za kumpelekea Mjomba, na kila safari nilikusudia kuongeza neno, nikaishia kwenye salamu. Baba alidanganywa na jua. Mimi ndoo zile niliona zilikomiminwa, na miguu yangu ilikuwa bado imelowa nilipoulizwa.