Kasia la Anko Pilipo

"Nikifa, mawimbi ya ufuo wetu huu wa Makaha yatakaa matanga!" Anko Pilipo alitangaza hivyo kwenye kipaza sauti, siku timu yetu iliposhinda mashindano ya mitumbwi.

Bado yu hai. Magoti ndiyo yaliyotangulia. Alizeeka kwenye kiti cha sita, cha nyuma kabisa, cha anayeuongoza mtumbwi. Siku hizi anakalia sanduku la barafu mchangani, kasia mapajani, akipiga makasia hewani kwa mikono mitupu.

Jumamosi tulipokuwa tukisukuma mtumbwi majini, aliuliza, "Leo kiti cha sita nani?"

"Mimi, Anko," akajibu Leimomi, mpwa wake.

"Wewe? Toroli la dukani tu unaligongesha kwenye rafu!"

Tukacheka. Kisha akamkabidhi kasia lake la koa, mti mgumu wa visiwani kwetu. "Kalichovye kule wimbi linakovunjika. Lina kiu."

Hakuketi mpaka tuliporudi. Leimomi alimrudishia likichuruzika maji. Yule bingwa wa maneno akailamba ile chumvi kwenye kasia, kafumba macho.

Mtalii akamsogelea. "Mzee, unaliuza?"

"Makasia ya kuuzwa yapo dukani, mwanangu."

Dukani kasia jipya ni dola mia mbili na hamsini, ila halijaonja chumvi.