Maharage ya Sufuria Mbili

Kabla ya vita, kwetu Gatete hatukujua kununua mafuta. Michikichi ilisimama nyuma ya nyumba, na mama alikamua mawese mwenyewe. Alichemsha chikichi, akazitwanga kinuni, kisha yeye na shangazi wakazikamua kwa mikono. Harufu ilifika barabarani. Watoto wa jirani walikuja na vipande vya muhogo kuchovya povu la juu. Maharage yetu yalikuwa mekundu, sombe, yaani majani ya muhogo, ilikuwa nyekundu, na vidole vyangu viliacha alama kwenye daftari za shule.

Vita ilipofika kwetu, wenye bunduki walijificha katikati ya michikichi, nasi tukaamriwa na serikali kuhamia kambini kando ya barabara. Huko tuligawiwa unga wa mahindi wa manjano na mafuta meupe ya kopo, vyote kutoka mashamba makubwa ya nchi za mbali. Mama alimimina tone kiganjani, akanusa.

"Iko kama maji tu," alisema.

Hata hivyo alipika, tukala, tukaishi. Siwezi kuyadharau mafuta yale. Mdogo wangu wa kike aliingia kambini akiwa bado ananyonya, na meno yake yaliota kwa ugali ule wa manjano.

Miaka ikapita. Palipotulia kidogo, mama na shangazi walirudi shambani. Walikuta nyasi zinawafika kifuani. Wakati wa kurudi kambini, mama akiwa na mkungu mmoja wa chikichi kichwani, askari aliwasimamisha kizuizini.

"Mama, unabeba nini?"

"Chakula ya watoto."

Akachomoa chikichi moja, akainusa kwa muda mrefu. "Na mama yangu anakamuaga hizi," akasema, akawapisha. Shangazi alimshukuru, "Murakoze," akaongeza mwendo.

Siku mama alipopika maharage kwa mawese aliyoyakamua kutoka mkungu ule, majirani walisogea na sahani zao bila kuitwa. Bibi mmoja aliomba mwiko aulambe. Mdogo wangu alionja, akatema.

"Mama, inanuka! Mimi nataka ile ya kopo."

Watu wakacheka. Mama hakucheka wala hakumgombeza. Alimfuta mdomo, akachota maharage ambayo hayajaungwa, akayaunga kwa mafuta meupe kwenye sufuria ndogo. Kisha akakaa kula chake, polepole.

Tuliporudi Gatete aliendelea hivyo hivyo, sufuria mbili, mpaka mdogo wangu alipoolewa. Shangazi aliacha kutwanga. Chikichi zake aliziuza kwa wenye mashine, na mafuta akanunua dukani kama watu wengine. Leo kwa mdogo wangu mafuta ni ya chupa, angavu, na watoto wake hawajawahi kuuliza yanatoka wapi. Nikienda kwake ninakula nao, na ninashiba. Ila nikipata mawese yaliyokamuliwa kwa mikono, ninapika sombe na ndagala, dagaa wa kwetu, ninaweka kijiko pembeni, ninakula kwa vidole.